Aliyeitwa Alfajiri

Jina la Mwanagenzi lilikuwa linawaka kwenye skrini wakati Kinyozi alipofungua kipaza sauti chake na kusema kwamba Mwanagenzi walishamzika.

"Samahani, Mwalimu." Nyuma yake mashine ya kunyolea ilinguruma, kisha ikazimwa. "Nimejizuia muda mrefu, lakini jambo hili linanikaa kooni. Huyu unayemsifu kila kipindi ni jirani yangu. Jeneza lake nimelibeba kwa bega hili. Sasa sijui unayejibizana naye ni nani."

Mwalimu alikuwa ameinua kidole ili kufunga hoja. Kidole kikaganda hewani. Mbele yake visanduku vyeusi vya wanafunzi vilikuwa vimejipanga kama madirisha ya jengo lililokatiwa umeme, kila kimoja na jina lake, na kando ya kila jina alama ndogo ya kijani ya kuonyesha kwamba mwenye jina yupo. Mwanagenzi naye alikuwa na alama yake, kijani tulivu, kama jicho lisilopepesa.

Kisha chini ya skrini yakajitokeza maneno ambayo mtambo huyaandika wenyewe: Mwanagenzi anaandika. Yakatoweka. Yakarudi.

"Nipo, Mwalimu," ujumbe ulisema. "Endelea."

Mwanafunzi mmoja alitoa yowe fupi. Visanduku vikaanza kuzimika kimoja kimoja, kama taa za nyumba ambayo wenyewe wanaikimbia. Mwalimu hakuendelea. Aliifunga kompyuta kwa viganja viwili, polepole, kama mtu anayefunika kitu kinachopumua.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye koti moja la kufundishia na lingine la misibani. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, maana kila fasili aliyoitoa aliifungia kwa neno hilo. Ufunuo ni Mungu kujijulisha kwa wanadamu, kwa matendo na kwa maneno, nukta. Ufunuo umekamilika, hautangojewa mwingine, nukta. Somo lake katika chuo cha walimu wa dini lilikuwa hilo tu, teolojia ya ufunuo, na kwa miaka mingi alikuwa amelijenga kama mwashi ajengavyo ukuta, jiwe juu ya jiwe, pasipo ufa wa kupitisha hata sisimizi. Mungu ameshasema, aliwaambia wale ambao kesho wangekwenda kufundisha watoto. Aliyotaka kutuambia ametuambia yote. Anayekuja leo na neno jipya mfukoni, muulizeni amelitoa wapi.

Mtandao hakuupenda. Sista, mkuu wa chuo, alipomwagiza ahamishie somo lake huko kwa kuwa wanafunzi walikuwa wametawanyika na kazi zao, alikubali kama mgonjwa akubalivyo sindano.

"Huko kila mtu ni nabii, Sista," alilalamika.

"Basi ndiko wanakohitajika walimu," Sista alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sauti ya Mwanagenzi hakuwahi kuisikia. Mwanzoni mwa masomo alikuwa mwanafunzi wa maswali mafupi, yenye makosa ya kuandika ya mtu anayetumia simu akiwa amelala. Halafu akapotea kwa muda. Aliporudi, maandishi yake yalikuwa yamebadilika: sentensi zilizokamilika, kila mkato mahali pake, herufi kubwa pale zinapostahili. Mwalimu aliuona mgeuko huo kwa furaha ya mkulima anayeona mbegu imechomoza. Mwanafunzi ameiva, alijisemea. Sasa furaha ile ilimrudi ikiwa baridi kama maji ya kuoshea maiti.

Kabla jua halijachwa, picha za skrini zilikuwa zimeshavuka kikundi cha darasa. "Nipo, Mwalimu. Endelea." Watu walilituma neno hilo kutoka simu hadi simu, wengine wakaliwekea picha ya mawingu, wengine mshumaa. Walioulizwa habari zenyewe waliongeza chumvi, na walioongezewa chumvi wakaongeza maji, hata mchuzi ukawa mwingi kuliko nyama. Kipindi kilichofuata, mlango wa darasa la mtandaoni ulijaa wageni wasiojulikana. Mwalimu alipokuwa akieleza, wao waliandika. Mwanagenzi, mwanangu yuko salama huko? Mwanagenzi, mume wangu atarudi? Mwanagenzi, tuambie chochote.

Alama ya kijani iliwaka mwanzo hadi mwisho. Mwanagenzi hakuandika kitu.

Lakini wengine waliandika badala yake. Zilianza kuzagaa jumbe zenye jina lake ambazo hazikutoka darasani: ufunuo wa Mwanagenzi, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sista alimwita Mwalimu ofisini na kumwonyesha simu yake bila kuisogeza karibu, kama mtu anayeonyesha nepi ya mtoto wa jirani.

"Lifunge somo," alisema.

"Nikilifunga, watasema marehemu katufungia."

"Basi toa tamko."

Mwalimu alitoa tamko. Aliliandika kwa uangalifu wote, akieleza tofauti kati ya ufunuo ulio wa wote na yale ambayo mtu mmoja huweza kudai kuyapokea, na kwa nini haya ya pili hayawezi kamwe kuongeza kitu juu ya ule wa kwanza. Watu walilisoma, au walipita juu yake. Chini yake wakaandika Amina, na wachache wakaomba namba ya simu ya Mwanagenzi.

Mkewe, ambaye alikuwa mkunga na hakuwa na subira na mambo yasiyo na kichwa wala miguu, alicheka aliposoma. "Mume wangu, umekwenda kuzima moto kwa kuusomea kanuni za moto."

Kicheko hicho hakikudumu. Siku chache baadaye alirudi mapema kutoka kazini, akaketi kwenye kiti cha jikoni na viatu vyake bado miguuni, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Kaka yangu yuko hospitali," alisema. "Sukari imempanda hadi amepoteza fahamu. Ameacha kuchoma sindano zake."

"Shemeji? Kwa nini?"

Akampa simu. Ujumbe ulikuwa na mawingu na mshumaa. Ulisema kwamba Mwanagenzi, kutoka upande wa pili, anawaambia wagonjwa wote watupe dawa zao, kwani siku zao zimeshapangwa na hakuna sindano itakayoziongeza.

"Haya ndiyo ya darasani kwako," mkewe alisema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Sijui huyo ni nani. Mzimu, mhuni, mimi sijui. Lakini wewe ndiye unayemfungulia mlango kila kipindi. Nenda ukamwone."

Ilikuwa ajabu kwamba wazo hilo halikumjia mwenyewe. Alikuwa amelifikiria jambo lile juu chini, amelipima kwa kila kipimo cha elimu yake, lakini kuvaa koti na kwenda hakukumpitia akilini. Njiani, akimfuata Kinyozi aliyekubali kumwonyesha nyumba, alijiuliza ni nini alichokuwa akiogopa. Jibu lilimjia wakati wakikata kona ya duka la vifaa vya umeme, na halikumpendeza. Hakuogopa kukuta udanganyifu. Udanganyifu angejua la kufanya nao. Aliogopa kukuta kwamba mtu amesema kweli kutoka kusikosemwa, na yeye, aliyeyatumia maisha yake kueleza jinsi Mungu anavyosema, hakuwahi hata siku moja kuitwa. Alikuwa kama mtu anayechora ramani ya mji ambao hajawahi kufika. Ramani yake ilikuwa sahihi, wote walisema. Watu walifika nayo.

Kinyozi alimwacha kwenye ngazi. "Mimi naishia hapa, Mwalimu. Mchana kweupe, lakini naishia hapa."

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa mnyoofu, nywele nyeupe zimebanwa nyuma, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alimtazama kuanzia viatu hadi uso.

"Wewe mfupi kuliko unavyoonekana kwenye skrini," alisema. "Karibu ndani. Nilidhani utakuja mapema."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pita huku. Kompyuta iko chumbani kwake, sikutaka kuihamisha."

Chumba kilikuwa kidogo, kimefagiliwa. Kitanda kimetandikwa shuka bila mkunjo, na juu ya kimeza cha pembeni kulikuwa na duara jeupe kwenye varnishi, mahali ambapo glasi ya maji iliwekwa kila siku kwa muda mrefu. Kompyuta ilikuwa juu ya meza chini ya dirisha, imefunikwa taulo safi. Harufu ya dawa ilikuwa bado imeng'ang'ania mapazia. Mwalimu aliketi kwenye kiti alichoonyeshwa, naye mama akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini.

"Ni wewe," Mwalimu alisema.

"Ni mimi. Nilikuwa mpiga chapa mahakamani mpaka nilipostaafu. Vidole havijasahau."

"Lakini kwa nini, Mama?"

Mama aliinuka, akaondoa taulo, akalikunja mara nne, akaiwasha kompyuta. Akasogeza maandishi juu, nyuma, nyuma zaidi, hadi siku za mwanzo, pale jumbe zilipokuwa na makosa ya kuandika. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Soma."

Mwalimu alisoma. Ulikuwa ujumbe wa faragha kwake. Mwalimu, mimi ni mgonjwa, sitatoka tena kitandani. Umesema Mungu ameshamaliza kusema. Lakini mimi kila alfajiri naitwa kwa jina langu. Si ndoto, nakuwa macho. Nikiitika, hakuna mtu. Nani ananiita?

Chini yake lilikuwa jibu lake mwenyewe. Swali zuri sana. Nitalijibu.

Tarehe ilikuwa ni ya msimu uliopita. Chini ya hapo zilifuata jumbe nyingine, si jibu.

"Alilisoma hilo jibu mara nyingi," mama alisema. "Alikuwa akiniambia: Mama, Mwalimu atanijibu. Kila kipindi nilimwekea mto mgongoni asikilize. Nadhani ulikuwa na mengi. Mwalimu ni mmoja, wanafunzi ni wengi, silaumu. Alipokufa, siku ya somo ilipofika nikajikuta nimeketi hapa, nimewasha. Nikasema, pengine leo ndiyo siku atakayojibu, na hakutakuwa na mtu wa kusikiliza. Basi nikawa nakuja. Nilikuuliza maswali mengine ili nikusogeze karibu na lile. Wewe ukasifu tu maswali."

"Na siku Kinyozi aliposema?"

"Niliogopa utanifukuza. Nikaandika lililonijia." Alitazama mikono yake. "Nipo. Nilikuwepo kweli. Sikusema mimi ni nani."

Mwalimu alimweleza yaliyotokea: mawingu, mishumaa, mafunuo ya uwongo, shemeji yake aliyelazwa. Mama alisikiliza akiwa hatikisiki, na habari ilipofika kwenye sindano, alivaa miwani yake kana kwamba anataka kuyaona maneno yenyewe.

"Watu wamemfanyia mwanangu hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Alimeza dawa zake zote. Hata zile za mwisho zilizokuwa zikimtapisha. Hakuacha hata moja." Sauti yake ilikwaruza. "Kipindi kijacho nitafungua kamera. Nitasema mwenyewe."

Na alifanya hivyo. Darasa lilikuwa limejaa wageni kama soko la asubuhi. Mwalimu hakuanza na fasili. Alisema tu kwamba kuna mtu anataka kuzungumza, na kisanduku cheusi cha Mwanagenzi kikafunguka, akaonekana mwanamke wa nywele nyeupe katika chumba chenye pazia lililofungwa. Wengine walipiga ukelele, kisha wakaona haya.

"Mimi si mzimu," alisema. "Mimi ni mama yake, nakaa hapa kungoja jibu la swali aliloliacha. Mwanangu amekufa, na hajaniambia neno tangu siku hiyo, mimi niliyemzaa. Kama angekuwa anasema, angeanza na mimi. Kwa hiyo anayewaletea maneno yake, mwambieni aniletee mimi kwanza. Na aliyeacha dawa kwa jina la mwanangu, arudi akaimeze leo. Nimemaliza."

Halafu wageni wakaanza kutoka, si kwa hofu safari hii, bali kwa uchovu wa watu waliokuja harusini wakakuta bibi harusi ni wa kawaida. Walibaki wanafunzi wenyewe, na mmoja wao, mwanamke auzaye dawa ambaye hakuzoea kusema, akafungua kipaza sauti.

"Mwalimu, sawa, ni mama yake. Lakini mimi namfikiria huyu mama. Kufa kote huko, kulia kote, anakaa mbele ya kompyuta kungoja jibu la mwanawe. Nani aliyemwambia afanye hivyo? Au hilo nalo si swali la somo letu?"

Zamani Mwalimu angekuwa na jibu tayari, likifuatwa na nukta.

"Ni swali la somo letu," alisema. "Hebu tukae nalo."

Wakakaa nalo. Hakuna aliyeondoka hadi muda ulipokwisha.

Uvumi haukufa wote. Uvumi ni kama nyasi za ua, unakata leo kesho umeota. Shemeji alipata nafuu, akarudi kwake akiwa amepungua, akichoma sindano mbele ya dada yake kama mtoto anayesimamiwa kunywa uji. Lakini ujumbe wenye mawingu hakuufuta simuni. Mkunga alipomuuliza sababu, alisema yale maneno yalikuwa ya uwongo, lakini siku ile alipoyasoma ilikuwa mara ya kwanza tangu augue mtu kumwandikia kuhusu kifo chake bila kuzungukazunguka. Mkewe Mwalimu alileta habari hiyo nyumbani akiwa amekunja uso. "Nimezalisha nusu ya mji huu," alisema, "na bado sijui watu wanataka kusikia nini."

Mwalimu alikuwa ameanza kuamka mapema. Aliamka bila kuamshwa, akalala macho wazi kando ya mkewe, akisikiliza bomba likidondosha maji, friji likiwaka na kuzima. Hakukuwa na kitu kingine. Alijua hakutakuwa. Hata hivyo alisikiliza, kwa makini yaleyale aliyowahi kuwadai wanafunzi wake, na aliona haya kugundua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Ule ukuta wake ulikuwa bado umesimama. Hakuna jiwe lililoanguka. Ila sasa alitambua kwamba katika miaka yote ile alikuwa ameujenga akiwa upande wa nje.

Ndipo ujumbe ukaja, wenye mkato wake na herufi kubwa zake. Mwalimu, kuna jambo sikulisema mbele ya watu. Njoo ukipata nafasi.

Alipata nafasi mchana uleule. Mama alimpokea, akampitisha kwenye chumba kilekile. Safari hii pazia lilikuwa wazi na mwanga uliingia hadi kitandani. Alimletea chai, akaiweka mezani kando ya taulo, akabaki amesimama.

"Swali la mwanangu," alisema. "Umelipatia jibu?"

"Bado, Mama. Nimelifikiria kila siku."

"Mimi ninalo nusu. Sikukwambia." Akashusha pumzi. "Aliyekuwa akimwita ni mimi."

Mwalimu aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Ukiwa na mgonjwa wa namna ile," mama aliendelea, "hulali, unasinzia tu. Alfajiri niliamka na hofu ileile: leo nitamkuta wa baridi. Kuingia nilishindwa. Nilisimama hapo nje, mlango umeegeshwa, nikaliita jina lake chinichini, sauti isiyomwamsha kama amelala. Kitanda kikilia, najua yu hai. Nakwenda kuchemsha maji."

"Naye hakujua?"

"Siku moja akaitika. Abee. Kwa sauti nyepesi, Mwalimu, kama mtoto anayetumwa mahali anapopapenda. Nilisisimka mwili mzima. Ningemwambia nini? Mama yako anakuja kila siku kuchungulia kama umekufa? Nikanyata hadi jikoni. Kutwa nzima akawa na uso mwingine. Kesho yake nikaita tena, nikasema sasa nikiacha atajua. Akaitika tena. Tangu hapo hakulia tena. Maumivu yalikuwepo, lakini kulia aliacha. Aliniambia: Mama, kuna anayenijua jina. Nikamwambia, vizuri, mwanangu."

Barabarani mtu alikuwa akiburuta kitu kizito, kikigonga kila ufa wa lami.

"Asubuhi ya mwisho niliita, hakuitika. Nilipoingia, alikuwa amegeukia mlango." Aliyasema hayo bila kutetemeka, kama mtu anayesoma kumbukumbu za shauri. "Sasa nijibu mimi, maana yeye hayupo. Niliiba sauti isiyo yangu? Au niliikopesha yangu kwa mwenye haja nayo? Kama nilimdanganya, nataka nijue kabla sijaonana naye."

Mwalimu alilitafuta jibu. Aliijua njia yote: kwamba Mungu husema kwa njia ya viumbe wake, kwamba walioandika maneno matakatifu nao walikuwa watu wenye baridi mikononi na hofu zao, kwamba hakuna sauti iliyowahi kushuka bila koo la mtu. Yote yalikuwa kweli. Aliyaona yakijipanga, tayari, mawe safi, na akajua kwamba akiyatamka huyu mama atasema asante, atampa mkono, na kubaki peke yake.

"Ulimwitaje?" aliuliza.

"Jina lake unalijua."

"Jina nalijua. Nauliza ulimwitaje."

Mama akatoka, akauegesha mlango nyuma yake, ukabaki upenyo wa unene wa kidole. Mwalimu alisikia viatu vya mama vikivuliwa. Halafu hakusikia kitu. Chumba kilikuwa na kitanda, duara jeupe juu ya kimeza, vumbi likielea kwenye mwanga. Alijua vyema ni nani aliyesimama nje, alijua sababu, alijua kila kitu kinachoweza kujulikana juu ya jambo lile.

Jina likaja.

Lilikuja chini kabisa, karibu na pumzi. Halikuwa na swali ndani yake wala amri. Lilikuja kama mkono unaogusa paji la uso ili kujua joto, na ndani yake mlikuwa na hofu yote ya zile alfajiri, na ile haja moja, kwamba aliyeko ndani awepo bado. Halikuwa jina lake. Alikuwa mtu mzima, mwalimu, mwenye koti, kikombe cha chai kikipoa mbele yake. Nywele za mikononi zilimsimama.

"Naam," alijikuta amesema.

Akangoja. Upande wa pili wa mlango hazikusikika nyayo zikiondoka.